Halua ikiisha, nini kinabaki? Zawadi ya Unguja iliyomzindua bibi wa Mbagala

Boti ya jioni kutoka Unguja inapofunga gati Dar es Salaam siku ya Jumapili, msimu wa likizo ya Juni, abiria wanaoshuka ni wa aina mbili. Wapo waliokwenda kwenye shughuli zao, hao hushuka na begi moja na kuwahi daladala. Na zipo familia. Hizi unazijua kwa mwendo: baba ana begi mgongoni na mtoto aliyelala begani, mama ana kikapu mkono mmoja na vifurushi vya halua mkono mwingine, na nyuma yao kuna mtoto anayetembea taratibu kwa sababu ameshika kitu ambacho hataki kiharibike.

Familia moja ya Mbagala, wilayani Temeke, ilishuka hivyo likizo iliyopita. Baba ni fundi umeme, mama ana duka la vitenge Tandika. Watoto ni watatu: binti wa miaka tisa, kaka yake mdogo wa miaka minne, na kichanga cha miezi saba. Kwa mwaka mzima walikuwa wakitupia fedha kwenye kibubu, wakalala usiku tatu kwa shangazi yao Mwanakwerekwe, na sasa walikuwa wanarudi nyumbani wakiwa wamechoka na wamefurahi.

Kitu alichokishika binti kilikuwa taji. Halikuwa la dhahabu wala la plastiki, lilikuwa taji la majani mabichi ya mnazi alilosukiwa na kijana anayetembeza wageni kwenye shamba la viungo. Daladala ikapita viwanja vya Sabasaba, ikavuka Mtoni na kuingia Mbagala, naye bado ameliweka mapajani kama yai.

Swali la mlangoni

Kwa Mswahili, safari haiishi mpaka swali moja lijibiwe: "Mmetuletea nini?" Huulizwa na jirani, na mashangazi, na watoto wa nyumba ya pili. Si uroho. Ni namna ya kusema tulikuwa tunawasubiri, na sisi tupeni kionjo cha huko mlikokwenda.

Lakini swali hilo hilo ndilo humaliza nauli ya watu. Siku ya mwisho ya likizo, mzazi aliyehesabu kila shilingi hujikuta sokoni Darajani akinunua kwa hofu. Anachukua sahani ya ukutani, vikufuli vya ufunguo, fulana zenye jina la kisiwa, na mfuko wa viungo vilivyofungwa pamoja ambavyo nusu yake havijui jina. Baada ya miezi mitatu sahani iko juu ya kabati na vumbi lake, fulana imekuwa tambara la kudekia, na viungo vimepoteza harufu kwa sababu vilisagwa zamani na kuachwa wazi.

Mama wa Mbagala alilijua hilo kwa sababu lilishamkuta. Safari hii alikubaliana na mumewe mapema: kila kitu kitakacholetwa nyumbani kiwe cha kuliwa, cha kutumiwa au cha kusimuliwa. Majirani wakaletewa halua, wakakaribishwa chai uani, na kila mmoja akakata kipande chake. Swali likajibiwa siku hiyo hiyo.

Na halua inafaa kuliwa hivyo, kwa watu wengi na vipande vidogo. Ni sukari, wanga na samli vilivyopikwa kwa saa nyingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongezwa kwenye chakula isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni karibu gramu 25, sawa na vijiko sita vya chai. Kifurushi kizima kikifunguliwa na watoto wawili mbele ya televisheni, hesabu hiyo hupitwa kabla ya taarifa ya habari.

Kilichoonekana shambani

Watoto wengi wa Dar es Salaam wanajua pilau tangu wakiwa hawajaota meno, lakini hawajui inakotoka harufu yake. Kwao karafuu ni kitu cheusi kinachotemwa pembeni ya sahani.

Katika mashamba ya Kizimbani na Kidichi, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, mtoto hupata majibu kwa mikono yake. Karafuu ni kitumba cha ua. Huchumwa kabla ua halijachanua, kisha huanikwa juani juu ya jamvi mpaka kigeuke rangi ya kahawia. Nyingi hutoka Pemba kuliko Unguja. Mdalasini ni gome la mti, na ukikwangua kidogo kwa kisu harufu inakuja puani palepale. Pilipili manga hupanda juu ya miti mingine kama kamba. Kungumanga hukaa ndani ya tunda la manjano, na likipasuliwa huonekana mbegu iliyovishwa wavu mwekundu. Wavu huo ni kiungo kingine kabisa, ndio basibasi.

Mama naye alijifunza lake. Alipotaka binzari nyembamba, muuzaji wa Darajani alimwambia hapa tunaita uzile, na kwamba hiyo haioti kisiwani, hutoka ng'ambo kama India. Akaona hakuna haja ya kupanda nayo boti wakati Tandika ipo. Alichukua karafuu, mdalasini wa magome na kungumanga nzima, vyote vikavu, akavitia kwenye vyupa vyenye vifuniko alipofika nyumbani. Kiungo kizima hutunza harufu muda mrefu kuliko kilichosagwa. Kilichoshika unyevu na kuota ukungu hakisafishwi wala kuanikwa upya, hutupwa.

Kingine walichokipata bila kulipia ni miguu. Mji Mkongwe, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, una vichochoro ambavyo gari halipiti. Watoto walitembea asubuhi nzima, kutoka Darajani mpaka Forodhani, bila mtu kuwabembeleza. WHO inashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Kule zilipatikana bila mtu kuangalia saa.

Vya kuacha vilipo

Si kila kizuri ni cha kubeba. Kwa familia nyingi za Kinondoni, mapumziko ya karibu ni visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ambako mashua huondoka Kunduchi na Msasani. Mtoto akishuka tu kwenye mchanga huanza kuokota makombe. Visiwa hivyo, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975. Makombe, matumbawe na viumbe vyake si vya kuchukua. Kombe linaloonekana tupu mara nyingi ni nyumba ya kaa mdogo, au litakuwa nyumba yake kesho.

Ipo na sababu ya kiafya. Katika maji ya Bahari ya Hindi kuna konokono wa baharini wenye magamba mazuri ya madoadoa, yaliyochongoka upande mmoja kama pia. Baadhi yao huchoma kwa mwiba wenye sumu, na aina moja inaweza kuua mtu. Mtoto hawezi kutofautisha gamba tupu na lenye mwenyewe ndani. Kanuni rahisi ya kumfundisha ni hii: angalia kwa macho, usiokote, usitie mfukoni. Akichomwa, usisubiri uone itakuwaje, mpeleke hospitali haraka.

Jingine ni wanja. Mama wa Mbagala alinunuliwa na shangazi kichupa cha wanja wa manga kwa ajili ya kichanga, kwa nia njema kabisa, ili macho yapendeze na kijicho kimpite. Lakini baadhi ya wanja wa asili hutengenezwa kwa jiwe lenye madini ya risasi. Risasi huingia mwilini mtoto anapojipangusa macho na kulamba vidole, na hudhuru ubongo unaokua. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa kuwa kwa macho huwezi kujua wanja upi una risasi na upi hauna, kichanga ni bora asipakwe kabisa. Mama alikipokea kichupa kwa mikono miwili, akamshukuru wifi yake, na kukiweka juu kabisa ya kabati asikokifikia mtoto. Heshima ya zawadi ikabaki, na macho ya mtoto yakabaki salama.

Na asali, iwe ya Pemba au ya Tabora, ni zawadi nzuri kwa kila mtu nyumbani isipokuwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mkubwa huvimudu, lakini kwa kichanga huzalisha sumu inayolegeza misuli hadi kupumua kukawa shida. Hata ya kulambisha kwa ncha ya kidole, isubiri.

Taji lililokauka

Aliyebaki nyumbani wakati wa safari alikuwa bibi, mama mzaa baba. Alitoka Mkuranga miaka mingi iliyopita, kama wazee wengi wa Mbagala waliotoka Mkuranga na Rufiji. Magoti yanamsumbua, akasema boti hapandi. Familia iliporudi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake barazani.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ehe, hicho kichwani ni nini?"

"Taji. Kaka wa shambani kanisukia. Baba kampa elfu mbili."

Bibi akalishika, akaligeuza, akaangalia lilivyofungwa kwa ndani. "Elfu mbili kwa kuti moja! Mimi nimesuka makuti ya kuezeka nyumba nzima kule kwetu, hakuna aliyenipa hata mia."

Watu wakacheka, wakaingia ndani, mambo yakaishia hapo.

Siku ya tatu taji lilianza kugeuka rangi. Siku ya tano lilikuwa la kahawia, limejikunja, na likiguswa linakatika. Binti akalia. Baba akaahidi kumnunulia lingine siku wakienda tena, ahadi ambayo hata mtoto wa miaka tisa anajua uzito wake.

Ni bibi aliyemtuma kijana wa jirani akakate kuti bichi. Mbagala bado ina minazi kwenye viwanja vya watu, tena mingine inachungulia madirishani. Akachana majani, akatoa uti, akamwekea mjukuu vipande viwili mkononi. "Hili juu, hili chini. Usivute kwa hasira." Kufikia adhuhuri taji jipya lilikuwa tayari, limepinda upande mmoja, na mwenyewe hakulivua mpaka usiku.

Baada ya taji wakasuka pete, baada ya pete wakasuka pakacha dogo la kuwekea maembe. Kisha bibi akafunua jambo ambalo hata mwanawe hakulijua vizuri. Mkeka anaoukalia kila siku aliusuka mwenyewe. Ukili husukwa kwanza, utepe mrefu wa majani ya mkindu yaliyokaushwa, mengine yakichemshwa na rangi. Tepe zikitosha hushonwa kwa pamoja, moja ubavuni mwa nyingine, mpaka mkeka upatikane. Kazi ya wiki nyingi. Aliiacha alipohamia mjini kwa sababu hakuna aliyeiulizia. Mikeka ya plastiki ilikuwa imejaa madukani, na wakwe zake wa mjini waliona ukindu ni mambo ya shamba.

Hapo ndipo zawadi ya kweli ya safari ilipoonekana. Binti alivuka bahari, akaona mtu akisuka, akatamani, na akarudi kukuta fundi amekaa barazani kwao siku zote. Bila safari asingeuliza, na bila kuulizwa bibi asingesema.

Ndugu aliyekuja kutoka Mkuranga aliagizwa aje na ukindu. Ukili wa kwanza wa binti ulipinda kama mkia wa mjusi. Wa pili ulinyooka kiasi. Mdogo wake wa miaka minne hasuki, lakini amepewa kazi ya kuchambua majani marefu na mafupi, na anaifanya kwa majivuno. Simu ya mama, ambayo zamani ilikuwa haitoki mikononi mwake kwa katuni, sasa inakaa chaji mchana mzima. Mwaka 2019 WHO ilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikifika chini ya hapo ni bora zaidi. Wazazi wengi wanalijua hilo, wanachokosa ni cha kumpa mtoto badala ya simu. Katika nyumba hii jibu lilikuwa bibi, majani na hadithi za Mkuranga.

Mche kwenye ndoo

Baba naye alitaka shamba lake la viungo. Nyumba za Mbagala zimebanana na uani ni pa kupitana. Mkarafuu ni mti mkubwa unaokaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, huo aliuacha Unguja. Lakini shina la mchaichai, kipande cha tangawizi na kipande cha manjano vyote huota kwenye ndoo iliyopasuka mpini au kopo kubwa la rangi lililooshwa vizuri na kutobolewa chini. Mchaichai ndio uliowahi. Chai ya asubuhi ikawa na harufu yake, na watoto wakakubali kijiko kimoja cha sukari badala ya vitatu.

Kwenye kilimo hiki cha uani kuna jambo la kuangalia. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wake huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama, na hutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya vyombo karibu na watu: sahani ya chini ya mche, kifuu cha nazi, tairi, kopo lililosahauliwa. Yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo ndoo itobolewe, sahani iondolewe, na vifuu vinavyobaki baada ya kukuna nazi vifunikwe chini au vichomwe mkaa. Siku moja kwa wiki, mtoto apewe kazi ya kuzunguka uani na kumwaga maji yote yaliyotuama. Naye ataipenda, hasa ukimwambia kila kopo analopindua ni nyumba ya mbu aliyoibomoa.

Picha nazo zilihitaji ulinzi. Safari nzima ilikuwa ndani ya simu moja, na simu mjini haina dhamana. Mama alichagua picha sita tu, akazisafisha kwenye studio ya mtaani. Moja akapewa shangazi wa Mwanakwerekwe, moja ikabandikwa mlangoni mwa chumba cha watoto. Ni ile ya binti mwenye taji bichi, uso umepakwa rangi nyekundu ya mbegu za mzingifuri mpaka masikioni.

Kikapu msumarini

Kati ya vitu vyote vilivyoletwa na boti ile, halua iliisha siku ya kwanza. Viungo vinapungua kila Ijumaa. Taji la awali lilitupwa. Kinachoonekana bado ni kikapu cha ukili, kimening'inia msumarini karibu na mlango.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata Juni 1, 2019. Tangu hapo kila anayekwenda sokoni hununua mfuko mwingine wa kubebea, na ukichanika hununua tena. Mama anakwenda Tandika na kikapu chake, nyanya chini, mchicha juu, na njia nzima watu wanamwuliza alikipata wapi. Zamani angejibu Unguja.

Jumamosi moja mpini wake ulikatika kwa uzito wa viazi. Alikileta nyumbani akakiweka kwenye mkeka bila kusema kitu. Bibi alikivaa miwani, akakitazama, kisha akamwita mjukuu wake. Walikaa nacho mpaka alasiri. Mpini mpya una rangi tofauti na wa awali, na ukiangalia kwa karibu utaona mahali mkono wa mtu mzima ulipoishia na mkono wa mtoto ulipoanza.

Sasa akiulizwa sokoni, mama hujibu: "Nusu Unguja, nusu nyumbani kwangu."